Damu nyingi baada ya kujifungua: macho au drepu, oksitosini au karbetosini au miso, kipi kinafaa wapi

Naandika hii hasa kwa wauguzi wakunga wa zahanati na vituo vya afya, wale ambao usiku leba mko wawili au uko peke yako, na kwa wale mnaokaa na matroni kupanga nini kiagizwe Bohari ya Dawa. Swali linalokuja kila mara ni dawa gani ya kuubana mfuko wa uzazi ni nzuri zaidi, oksitosini au ile mpya isiyotaka friji (karbetosini) au miso, yaani misoprosto ya vidonge. Swali zuri tu na nitalijibu, ila mimi naona linaulizwa kabla ya wakati wake, mana dawa yoyote ile ukiichoma mama akiwa ameshapoteza lita moja na nusu unaanza mbio ukiwa nyuma. Mimba ikishakomaa mfuko wa uzazi unapitiwa na damu kama ml 500 hadi 700 kwa dakika moja. Sasa ukilegea baada ya kondo kutoka, hesabu mwenyewe dakika kumi ni kiasi gani. Kwahiyo nitaanza na namna ya kugundua, alafu ndio twende kwenye dawa.

Kukadiria kwa macho, kupima uzito, au drepu

Kukadiria kwa macho ndio tulikofundishwa wengi wetu, unaangalia kanga, makintoshi na sakafu, unaandika "ml 250" kwenye patografu (chati ya uchungu) na maisha yanaendelea. Faida yake ni moja tu, haina gharama. Hasara yake ni kwamba macho hudanganya kwa mwelekeo mmoja, damu ikiwa nyingi ndio unazidi kuiona kidogo, na kanga ya rangi nyekundu au nyeusi inaficha kabisa. Tena damu inayotoka polepole bila kelele kwa saa nzima hakuna anayeshtuka, wakati ndio hiyo hiyo inayoua kwasababu kila ukipita unaona "kidogo tu".

Drepu ni ule mfuko wa plastiki unaowekwa chini ya makalio ya mama ukaning'inia mwisho wa kitanda, una mistari ya ml. Zile zilizotumika kwenye utafiti wa E-MOTIVE zina mstari wa tahadhari ml 300 na mstari wa kuchukua hatua ml 500. Utafiti huo ulifanyika hospitali 80 za Kenya, Tanzania, Nigeria na Afrika Kusini, wanawake zaidi ya laki mbili waliojifungua kawaida, matokeo yakatoka 2023. Hospitali zilizopewa drepu pamoja na utaratibu mpya ziligundua asilimia 93 ya wanawake waliovuja damu kupita kiasi, zile zilizoendelea na utaratibu wa kawaida ziligundua asilimia 51. Yaani karibu nusu ya kina mama waliovuja hakuna aliyewaandika kama wamevuja! Na hizi ni hospitali, sio zahanati, watu wapo. Waliofikia lita moja au zaidi, au kufunguliwa tumbo, au kufariki kwa damu walikuwa asilimia 1.6 upande wa utaratibu mpya na 4.3 upande wa pili.

Drepu nayo ina mambo yake. Ukiiweka kabla mtoto hajatoka inajaa maji ya uzazi na mkojo alafu unaanza kuhangaika na namba za uongo, kwahiyo iwekwe mara mtoto akishatoka na maji yameisha, na ikae angalau saa ya kwanza yote, damu ikiendelea iachwe zaidi. Damu iliyobaki kwenye gozi na pedi haimo kwenye drepu, iongeze. Alafu drepu haioni damu iliyojikusanya ndani ya mfuko wa uzazi wala uvimbe wa damu kwenye kuta za uke, hiyo utaijua kwa mkono wako tumboni na kwa mapigo ya moyo. Kama umepanga kuchagua drepu ili uache kumshika mama tumbo, bora usiwe nayo.

Kama drepu hamna na hazitakuja karibuni, njia ya katikati ni mizani. Pima pedi au kitambaa kikavu, andika uzito wake ukutani, alafu pima kikiwa na damu na utoe. Gramu moja chukulia ni ml moja, tofauti ni ndogo mno. Mizani ya jikoni ya kidijitali inatosha. Ni polepole kuliko drepu na unachafuka mikono, ila inashinda macho mbali sana.

Uamuzi wangu hapa sio wa kusitasita: leba yenye hela ya kitu kimoja tu kipya inunue drepu, hata kabla ya kubadilisha dawa.

Namba nazo zimebadilika. Zamani tulisubiri ml 500 ndio tuite ni tatizo. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani uliotoka Oktoba 2025 unasema ukipima ukakuta ml 300 na kuna dalili moja isiyo sawa, mfano mapigo yamepita 100 au presha ya juu (ile namba ya juu ya kipimo) imeshuka chini ya 100, anza matibabu, na ikifika 500 anza hata kama mama anakuambia yuko vizuri na anacheka. Hapo tumia pia hesabu rahisi ya kugawa mapigo kwa presha ya juu. Mapigo 90 na presha 120 inakupa 0.75, sawa. Mapigo 110 na presha 105 imeshapita 1, na huyo ukiangalia presha peke yake ungesema mzima. Mama mdogo mwenye afya presha yake inashikilia mpaka dakika ya mwisho, mapigo ndio yanasema ukweli mapema. Pima kila dakika 15 saa ya kwanza: damu, ugumu wa mfuko wa uzazi, mapigo, presha. Na mama aliyekuja na damu (himoglobini) gramu 7 tangu kliniki usimsubirishe mstari wowote, 300 yake ni nzito kuliko 300 ya mwenzake.

Moja moja au zote kwa pamoja

Utaratibu wa zamani ni wa ngazi, unakanda, unasubiri, unachoma oksitosini, unasubiri, unatundika dripu, unamwita daktari, na traneksamiki, dawa ya kulinda bonge la damu lisiyeyuke, inakumbukwa mwisho ikiwa imekumbukwa. Utaratibu wa kifurushi ni kwamba ukishagundua, vyote vinaanza ndani ya dakika 15: kukanda mfuko wa uzazi mpaka ukakamae, dawa ya kuubana, traneksamiki, dripu, na kukagua damu inatoka wapi huku mtu mwingine anaita msaada. Kwenye E-MOTIVE kina mama waliovuja na kupata kifurushi walikuwa asilimia 91 dhidi ya 19.

Wapo wanaosema kifurushi kinapoteza dawa kwa mama ambaye angekauka kwa kukandwa tu. Nawaelewa, stoo ni stoo. Lakini kifurushi kinakuondolea kitu kimoja kibaya sana, kile cha kusubiri kuona, na usiku ukiwa peke yako huwezi kubeba maamuzi sita mfululizo kichwani huku mtoto analia hajafutwa. Kwa mtu aliye peke yake mimi nasema kifurushi, bila kujadili, na vitu vyake vikae kwenye boksi moja lisilofungwa kwa kufuli ambalo funguo anayo mtu aliyelala nyumbani.

Kukagua kusiachwe ati kwasababu dawa zimeanza. Karibu asilimia 70 ni mfuko wa uzazi kulegea, lakini mfuko ukiwa mgumu kama paji la uso na damu bado inatoka tena nyekundu ya kung'aa, hapo dawa zote za kubana hazina kazi, tafuta mchaniko wa msamba, wa uke, wa mlango wa kizazi. Kondo lirudishwe kwenye taa ligeuzwe lionekane limekamilika au kuna kipande kimebaki. Kibofu kikiwa kimejaa weka katheta (mpira wa kutoa mkojo), kibofu kilichojaa kinauzuia mfuko wa uzazi kukaza na wengi tunasahau. Na ukihisi damu haigandi, weka kidogo kwenye chupa safi ya kioo, ishikilie kiganjani ipate joto, ikipita dakika 7 haijaganda au bonge linavunjika kirahisi, huyo ni wa hospitali kubwa yenye damu, usipoteze mda.

Dawa ya kuzuia: hapa ndio friji inaamua

Kila mama apewe dawa ya kuubana mfuko wa uzazi mara mtoto akitoka, ukishahakikisha hakuna mtoto wa pili. Hilo halina mjadala, mjadala ni ipi.

Oksitosini yuniti 10 kwenye msuli au mshipa ndio chaguo la kwanza na bei yake ni nafuu. Inafanya kazi haraka, dakika chache tu kwenye msuli. Shida yake ni joto. Inatakiwa kukaa nyuzi 2 hadi 8, na tafiti kadhaa za ubora wa dawa Afrika zimekuta ampuli ambazo ndani yake dawa ni pungufu, nyingine kwa kutengenezwa vibaya na nyingine kwa kukaa kwenye joto. Kibaya zaidi ampuli iliyoharibika huwezi kuiona kwa macho, ina maji meupe vile vile, unachoma ukiamini umechoma. Wengi wanasema zahanati yetu haina friji, alafu ukienda chumba cha mama na mtoto unakuta friji ya chanjo ya sola inafanya kazi vizuri kabisa. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani, UNICEF na UNFPA walitoa tamko la pamoja kwamba oksitosini inaweza kukaa kwenye mnyororo baridi wa chanjo. Kwahiyo kabla hujaagiza dawa ghali ongea na mwenzako wa chanjo, iwekwe kwenye boksi lake lenye lebo kubwa isichanganywe, na leba mchukue ya siku kwenye kibebeo chenye barafu.

Karbetosini isiyoharibika kwa joto, mikrogramu 100 mara moja tu. Hii inakaa miaka mitatu kwenye nyuzi 30 bila friji. Iliwekwa kwenye orodha ya dawa muhimu ya dunia 2019, baada ya utafiti wa CHAMPION wa 2018 wenye wanawake 29,645 katika nchi kumi, Kenya na Uganda zikiwemo. Matokeo yakawa karibu sawa sawa, waliopoteza ml 500 au kuhitaji dawa ya ziada walikuwa asilimia 14.5 kwa karbetosini na 14.4 kwa oksitosini. Sasa sikiliza vizuri, oksitosini ya utafiti ule ilitunzwa kwenye baridi inavyotakiwa. Yaani karbetosini imelingana na oksitosini *nzuri*. Ya kwako iliyokaa kabatini Kilwa mwezi mzima mwezi wa pili haimo kwenye ule ulinganisho, hapo mimi nachagua karbetosini.

Lakini karbetosini ina mpaka ambao lazima kila mtu wa leba aujue kabla boksi la kwanza halijafunguliwa. Ni ya kuzuia baada ya mtoto kutoka, basi. Isitumike kuanzisha uchungu wala kuongeza uchungu, inabana mfuko kwa muda mrefu na huwezi kuizima kama dripu, mtoto akiwa bado ndani ni hatari kubwa kwake na kwa mama. Na haijaidhinishwa kuwa dawa ya kutibu damu iliyokwisha kuanza. Kwahiyo ukiwa na karbetosini bado unahitaji oksitosini ya kutibu, na hili ndio linanifanya nisiwashauri vituo vyenye friji nzuri kukimbilia kuhama. Mna friji na umeme au sola ya uhakika, bakini na oksitosini, hela nunueni drepu. Friji hamna au inakufa kila wiki, chukueni karbetosini ya kuzuia na mtunze oksitosini chache za kutibu kwenye friji ya chanjo.

Misoprosto ya kumeza mikrogramu 400 au 600 ni dhaifu kuliko hizo mbili na ina homa na kutetemeka kunakomtisha mama na ndugu zake, mweleze mapema ili wasidhani ni malaria imempanda. Nguvu yake ni mahali ambapo hakuna anayeweza kuchoma sindano, mama anajifungulia njiani au nyumbani. Kidonge hakitaki friji lakini kinachukia unyevu, kisitolewe kwenye karatasi yake ya bati mpaka anakimeza, vile vidonge vilivyokatwa na kuwekwa kwenye bahasha havina uhakika. Mwenye uwezo wa kuchoma sindano asichague miso kwa urahisi tu.

Egometrini 0.2 mg nimeiacha mwisho kwasababu siku hizi sio ya kuanzia. Inabana vizuri sana, lakini mama mwenye presha au kifafa cha mimba au ugonjwa wa moyo inaweza kumuua, na usiku wenye haraka ndio usiku ambao watu wanachoma kabla ya kupima presha.

Damu imeshaanza, unatibu kwa nini

Oksitosini bado namba moja. Weka kanyula (ile sindano inayobaki mshipani) kubwa, ya kijivu au ya kijani, mbili ukiweza kabla mishipa haijalala. Yuniti 10 kwenye maji ya dripu ml 200 hadi 500 ziende kwa dakika 10, alafu yuniti 20 kwenye lita moja kwa saa nne. Usisukume yuniti 10 kwa mpigo mshipani kwa mama aliyekwisha poteza damu, presha inaporomoka. Maji yawe nomo salaini au Ringa, ya joto la kawaida sio ya friji, na mama afunikwe, baridi inazuia damu kuganda.

Ukiwa huna oksitosini, au huna mtu wa kupata mshipa, miso mikrogramu 800 chini ya ulimi. Kwenye tafiti za 2010 kina mama ambao hawakuwa wamepata oksitosini ya kuzuia, damu ilikata ndani ya dakika 20 kwa asilimia 90 ya waliopewa miso na 96 ya waliopewa oksitosini. Sio mbaya, ila tofauti ipo. Alafu kuna ile tabia ya kuongeza miso juu ya dripu ya oksitosini "ili nguvu iwe mara mbili", hiyo imejaribiwa, faida haikuonekana, homa na kutetemeka ndio vikaongezeka.

Traneksamiki haishindani na hizo, kazi yake ni nyingine, inazuia bonge la damu lililoganda lisiyeyuke. Gramu 1 kwenye mshipa polepole kwa dakika 10, damu ikiendelea baada ya dakika 30 au ikirudi ndani ya saa 24, rudia gramu 1. Utafiti wa WOMAN wa 2017, wanawake 20,060 nchi 21, ulionyesha waliopewa ndani ya saa 3 vifo vya damu vilishuka kutoka asilimia 1.7 hadi 1.2, na kila dakika 15 unazochelewa faida inapungua kwa kama asilimia 10. Baada ya saa 3 usimpe. Haihitaji friji, kwahiyo hakuna sababu zahanati ikose. Kumpa mama mwenye upungufu wa damu kabla hajavuja ili kumkinga kulijaribiwa kwenye WOMAN-2, Tanzania ikiwemo, na hakukusaidia. Kwahiyo ni ya kutibu. Na mnaofanya kazi karibu na tieta (chumba cha upasuaji), msiiweke kabati moja na dawa za ganzi ya mgongo, ampuli zinafanana na imeshachomwa mgongoni kwa makosa sehemu mbalimbali duniani na watu wamekufa.

Dawa zimeshindwa: mikono, vazi au puto

Mikono ipo popote. Ngumi moja ndani ya uke, mkono mwingine tumboni, unaubana mfuko wa uzazi katikati. Inachosha haraka, mnabadilishana. Au unabonyeza mshipa mkubwa wa tumbo juu kidogo ya kitovu upande wa kushoto mpaka mapigo ya kwenye paja yapotee. Hii inakununulia dakika za kupanga gari, sio safari ya saa mbili.

Kwa safari, chaguo langu ni vazi la kuzuia mshtuko, lile la mpira linalofungwa kuanzia vifundo vya miguu mpaka tumboni na kurudisha damu kwenye moyo na ubongo. Linafundishika kwa siku moja, linafuliwa na kutumika tena, na ukiwa umelivalisha bado unaweza kukagua uke na kushona. Puto la kondomu na katheta, linalojazwa maji ndani ya mfuko wa uzazi libane damu, ambalo dokta Sayeba Akhter wa Bangladesh alilifanya lijulikane, ni la bei ya chini na mimi nalipenda, lakini mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa 2021 unataka litumike mahali penye upasuaji na damu ya kuongeza karibu, likishindwa mama aingie tieta hapo hapo. Kwa zahanati iliyo mbali, kukaa kujaza puto ni kuchelewesha gari. Kituo cha afya chenye tieta na damu, wafundishwe puto. Zahanati, vazi na mikono.

Vazi lina hatari moja ambayo haitokei kwako, inatokea unakompeleka. Mama anafika presha imepanda, anaongea, mtu wa mapokezi ambaye hajawahi kuliona analifungua lote kwa mara moja amkague, na presha inaanguka palepale. Linafunguliwa kuanzia vifundoni, kipande kimoja kisha dakika 15 unapima, na tu kama mama ametulia kwa saa mbili, mapigo chini ya 100 na presha ya juu 100 au zaidi. Presha ikishuka 20 au mapigo yakipanda 20 unafunga tena na kutafuta damu inatoka wapi. Andika hayo kwenye kipande cha plasta kubwa ubandike juu ya vazi lenyewe, na ukipiga simu ya rufaa sema mambo haya kwa mpangilio huu: ml ngapi umepima, mapigo na presha sasa hivi, kondo limetoka kamili au la, traneksamiki umeichoma saa ngapi, amevaa vazi, kundi lake la damu kama lipo kwenye kadi. Na ndugu wawili wenye afya wapande gari hilo hilo, huko anakoenda wataulizwa damu.